Upanga Usiotiwa Makali

Jumamosi Kapteni mstaafu Yunusi Halfani alipanda bodaboda kwenda Kakese, upanga wake wa gwaride ukiwa umeviringishwa kwenye khanga ya mkewe. Alikuwa amealikwa kukata ndafu kwenye harusi ya Kabula, binti wa mzee Masalu. Sisi watu wa Mpanda tukipata kitu kinachong'aa, hata mbuzi wa kuchoma tunataka akatwe kwa heshima za kijeshi.

Kabla ya kukata, Kapteni hutoa somo. Upanga wa afisa umepinda kwa sababu ulianza kwa wapanda farasi: ukate, upite, usinase mfupani. Ule mfereji wa ubavuni si wa damu, ni wa kupunguza uzito.

"Na hautiwi makali," alisema. "Kazi yake ni kuwaonyesha askari pa kushambulia. Mimi sikuwahi kumwonyesha mtu. Nilikuwa stoo, nikipigana na panya, na panya walishinda."

Watu wakacheka. Kabula hakucheka. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, lakini ng'ombe wa Manyanda, mwanamume wa rika la baba yake, walishaingia zizini kwa Masalu. Alikataa mbele ya ukoo mzima, na ukoo ukamshukuru kwa mchango wake wa mawazo.

Kapteni akachomoa upanga. Ulipokaribia nyama ukajikunja taratibu, ukarudi nyuma, ncha ikatua kifuani pake.

"Umegeuka," mshereheshaji akatangaza kwenye maiki. "Leteni kisu."

Hakuna aliyeshtuka. Bibi harusi akiwa hataki, upanga hugeuka. Uligeuka Mwese, ukageuka mjini, na siku hizi wapishi huja na kisu cha akiba.

"Babu," Kabula akauliza kwa sauti ya chini, "mbona unakuonyesha wewe?"

Kapteni aliona aibu, ikampanda mpaka masikioni. Akamtazama Masalu, akautazama umati chini ya turubai.

"Ni joto, mjukuu wangu," akasema. "Chuma cha siku hizi hakivumilii joto."

Nyanzala, mpishi, akaja na kisu cha vitunguu, akaomba njia. Kapteni akampisha. Kabula akashika kisu, Manyanda akaushika mkono wake kwa juu, nyama ikakatika vizuri. Kapteni akabana visigino, akampigia bibi harusi saluti, nasi tuliokuwepo tulikubaliana kwamba Kakese haijawahi kuona saluti safi kama ile.