Bafta ya Bi Hadia

Kila alipofika kijiji kipya, Douglas Wanyama alianza kwa kugeuza mifuko yake nje. Aliivuta bitana ya suruali mbele ya watu, kulia na kushoto, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, kisha akasema, "Tazameni. Sikuja kuchukua chenu. Jina langu ni Wanyama, mshauri wa fedha wa Mfuko wa Akiba wa Visiwani. Sinywi, sikopi, sikopeshi. Hakuna binadamu anayenidai hata senti tano, na neno langu nikishalitoa halirudi."

Watoto walicheka, wazee wakatabasamu, naye akairudisha mifuko mahali pake akiwa ameridhika. Hotuba hiyo aliitunga mwenyewe, na hakuitunga kwa mzaha. Alikulia kwao Bungoma katika boma ambalo ng'ombe wote waliswagwa asubuhi moja kulipia madeni ya baba yake. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanyama aliondoka nyumbani na cheti cha shule na hofu ya deni, na vyote viwili vikamfikisha Amu, yaani Lamu, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na saba, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, hana mke, hana mtoto, na ana viatu viwili vilivyong'aa.

Huko Mbwajumali, katika kisiwa cha Pate, mambo yalimwendea vizuri kuliko alivyotarajia. Mwalimu Abdulqadir, aliyesalisha watu msikitini, alimwuliza mbele ya wote kama Mfuko ulikuwa na riba. Wanyama akamjibu kwamba kwao shilingi iliingia shilingi na kutoka shilingi, haikuzaa njiani. Basi faida yake nini? Faida yake, akasema, ni kuepukana na moto, panya na mikono ya wapwa. Hilo la wapwa liliwachekesha kina mama, na siku hiyo hiyo wakaanza kumwita majumbani mwao.

Miongoni mwao alikuwa Bi Hadia, mjane msuka mikeka, ambaye hakujaliwa mtoto na aliishi na Swafiya, binti wa ndugu yake. Alimfungulia Wanyama sanduku lake bila ya kuombwa mara mbili. Ndani mlikuwa na leso za sikukuu, chupa ya marashi, na chini kabisa kitambaa cha bafta nyeupe kilichokunjwa kwa uangalifu na kufungwa kwa uzi. Pembe moja ilikuwa imetafunwa na panya.

Wanyama aliipima bafta ile kwa macho, akatikisa kichwa. "Bi, hii ni pesa iliyolala. Leo panya kaanza pembeni, kesho atafika katikati. Mrudishie Jeilani mwenye duka akulipe, pesa uziweke Mfukoni. Siku utakayotaka bafta utanunua mpya."

Swafiya alifungua kinywa aseme neno, lakini Bi Hadia akamgusa goti, naye akaacha. Kuna mambo ambayo watu wa visiwa vile hawamtajii mgeni, hasa mgeni aliyelewa furaha ya kufundisha.

"Siku nitakayo hii, mwanangu," Bi Hadia alisema, "mimi sitaweza kungoya. Hata siku moya."

"Hutangoja, Bi. Siku hiyo hiyo utaipata. Nimekupa neno langu."

Hapo ndipo alipokosea. Alizijua sheria za Mfuko kama alivyojua vidole vyake: pesa hutolewa Amu, siku za kazi, kwa mwenyewe aliyefika na kitabu chake akatia dole gumba. Lakini alidhani siku inayosemwa ni siku ya harusi au ya Idi, siku ambayo mtu huiona ikija tangu mbali. Neno lilimtoka kwa wepesi kama linavyomtoka mwenye duka. Bi Hadia akakubali. Baadaye alimwambia Swafiya kwamba mtu asiyedaiwa na kiumbe hana sababu ya kumdanganya kizee kwa jambo kama lile. Jeilani akainunua bafta, akaikata ile pembe iliyoliwa, na pesa hizo, pamoja na akiba yake kidogo ya mikeka, zikaingia kitabuni, shilingi thelathini kwa jumla.

Ikapita miezi mitano. Jumamosi moja Wanyama alikuwa Mbwajumali kwa mkutano wake wa kila mwezi, amelala kwa Jeilani kama kawaida, pale mwenyeji wake alipomwamsha baada ya sala ya alfajiri. "Bwana Wanyama, Bi Hadia ametutoka."

Akavaa upesi akaenda. Wanaume walikuwa wamekaa uani juu ya mikeka, mingi ikiwa kazi ya mikono ya marehemu. Wanawake walikuwa ndani wakitayarisha maji ya kuoshea. Jeilani alikuja na bafta mpya kwapani, pamoja na kafuri na pamba, akavikabidhi mlangoni. Kabla mkono haujatoka kuvipokea, sauti ya Swafiya ikasikika nyuma ya pazia.

"Mwalimu, Bi ameniusia. Sanda yake isiwe sadaka ya mtu. Alikuwa nayo yake, ameisukia mikeka miaka miwili. Kisha akaiuza."

"Kamuuzia nani?" Mwalimu Abdulqadir aliuliza.

"Jeilani. Kwa ndia ya shauri la Bwana Wanyama."

Sasa Wanyama aliielewa bafta ile, na mkono wa Bi Hadia juu ya goti la Swafiya, na ile siku isiyongojeka. Aliona aibu, aibu ya kweli inayomfanya mtu atamani kuwa mwingine. Alikuwa amemvua kizee wa watu nguo yake ya mwisho, tena kwa tabasamu.

"Pesa zake zaweza kufika kabla ya laasiri?" Mwalimu akamwuliza.

Wanyama alikuwa na mengi ya kusema. Mashua ya kwenda Amu, kwenye gati la Mtangawanda, ilingoja maji yajae, ofisi ya Amu ilifungwa mpaka Jumatatu, na dole gumba lililohitajika sasa lilikuwa la maiti. Akasema, "Haziwezi. Sheria niliijua, sikuifikiri."

Akatoa pochi yake. Mwalimu Abdulqadir akauinua mkono kumzuia, kwa upole. "Ngoya kwanza. Ukitoa kwa kuwa umemhurumia, hiyo ni sadaka kama ya Jeilani, na mwenyewe ameikataa. Ukitoa kwa kuwa akudai, hiyo ni mali yake. Ni ipi?"

"Mwalimu, ni maneno tu haya," Jeilani akanong'ona. "Yua lapanda."

Lakini wote walikuwa wakimngoja Wanyama, naye alijua wanangoja nini. Zaidi ya nusu ya waliokaa pale walikuwa na vitabu vya Mfuko, na walivichukua kwa sababu ya mtu aliyegeuza mifuko nje. Tena sheria ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kutochanganya pesa zake na za mwanachama. Afisa aliyeivunja alifukuzwa bila ya kuulizwa mara mbili. Angesema ni huruma, wangemshukuru, naye Bi Hadia angezikwa kwa kile alichokikataa maisha yake yote. Marehemu hangemkanusha.

"Ananidai," akasema. Akaifungua pochi. "Bi Hadia ananidai. Nilimpa neno, sikulitimiza. Hizi si zangu, ni zake."

Akampa Jeilani shilingi thelathini. Jeilani aliipima bafta upya kwa mkono, ingawa ilikuwa imeshakatwa, akataja bei yake na ya kafuri, akatoa chenji mpaka senti ya mwisho. Chenji hiyo hakumrudishia Wanyama. Aliipitisha nyuma ya pazia, kwa sababu ilikuwa urithi.

Alasiri walimzika. Wanyama alilifuata jeneza kwa nyuma, akasimama nje ya makaburi mpaka watu walipotawanyika.

Jumatatu asubuhi, kwenye gati la Mtangawanda, alikuta watu kumi na mmoja wanangoja mashua, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Walikuwa wanakwenda Amu kutoa pesa zao. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimpisha akae kama siku zote, na hilo lilimuuma zaidi. Hakujaribu kuwabadilisha nia. Njia nzima alikwenda kwa mmoja mmoja akimweleza fomu inajazwaje, ofisi inafunguliwa saa ngapi, na mrithi anahitaji hati gani kutoka kwa kadhi. Haya ya mrithi hakuwahi kumfundisha mtu. Wawili walivirudisha vitabu vyao kwenye mikoba, wengine hawakuvirudisha. Ndani ya mkoba wake mwenyewe mlikuwa na barua aliyomwandikia mkubwa wake, ikieleza kila kitu, na hakujua kama wiki ijayo angekuwa na kazi.

Swafiya alikuwa amekaa karibu na mashine, amejitanda buibui, anakwenda kwa kadhi. Bwanamkuu, nahodha wa mashua ile, alimtazama Wanyama akiwa ameshika usukani.

"Na weye, Bwana Wanyama. Ukifa huku kwetu, una nani?"

Wanyama alianza kumweleza utaratibu wa Mfuko kuhusu maafisa wake, akakatiza sentensi katikati. "Sina mtu," akasema.

"Tutakuzika sisi," Swafiya akasema, kama mtu anayepanga kazi ya kesho. "Lakini sisi hatuyui mambo yenu. Kwenu mtu huzikwaye?"

Wanawake waliokuwa mashuani wakageuka wote, wakangoja jibu kwa makini, maana hilo lilikuwa jambo la kujulikana mapema. Wanyama alikwisha kujitambulisha katika vijiji kumi na tisa, na katika vyote hivyo hakuna aliyemwuliza swali lolote juu yake mwenyewe.

"Kwetu mtu huzikwa nyumbani, uani kwake," akasema polepole. "Hufungwa kwa blanketi."

"Blanketi la rangi gani?"

Akafikiri. "La baba yangu lilikuwa jekundu. Halikuwa letu, sisi hatukuwa tumebakiwa na kitu. Aliliazima mama kwa jirani, mzee mmoja anaitwa Wekesa, akamwambia atamrudishia lingine." Akaupakata mkoba wake. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hatujamrudishia."

Hakuna aliyecheka wala aliyemwambia pole.

"Mzee huyo, yu hai?" Bwanamkuu akauliza.

"Yu hai," akasema Wanyama.