Mume Aliyechota Maji

Huko Wamaza, Héritier alikuwa mkulima wa mihogo, na mkewe Louise alikuwa bado anamnyonyesha binti yao, Sarah-Grâce. Shirika lilipokuja kuwafundisha wanaume kusaidiana na wake zao kazi za nyumbani, wengi walifuata tisheti na chakula. Héritier aliamini. Akawa anachota maji, anatwanga sombe, yaani majani ya mihogo, anambeba mtoto mgongoni mchana kweupe. Watu walimcheka. Kisha wakaacha kumcheka, wakaanza kumtazama Louise kwa jicho baya.

Mapigano yalipokaribia, shirika lilifunga mradi. Ndipo mama yake Héritier akaita ukoo.

"Mutoto yangu hakuzaliwa hivi," alisema. "Huyu mwanamuke alimulisha dawa."

"Mama, hakuna dawa. Tulifundishwa. Asani alikuwako, mumuulize."

Asani, jirani yake, ndiye aliyewaongoza wanaume kula kiapo cha kuwasaidia wake zao siku ya kufunga mafunzo. Sasa aliinamisha kichwa.

"Mimi nilienda juu ya tisheti tu. Ile ingine sijue."

Jioni hiyo mawe yalirushwa mlangoni kwao. Kulipokucha Louise alimfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki kwenda kwa wazazi wake Lusangi.

Héritier alimfuata. Alimkuta akianika mihogo.

"Turudi. Nitakulinda."

"Utanilinda na nani, Papa Sarah-Grâce? Wewe wanakuita mugonjwa, wanakuonea huruma. Mimi wananiita mulozi, muchawi. Mulozi wanamuua." Aliendelea kutandaza mihogo. "Nilikuomba unichotee maji?"

"Hapana."

"Nilikuomba nini?"

Héritier alijua. Tangu waoane, Louise alimwomba jambo moja: amkanye mama yake aache kumtukana. Maji alichota. Hilo hakulifanya, kwa kuwa alimwogopa mama yake.

Alirudi peke yake. Mama alikuwa amefagia nyumba na kupika bugali. Emilienne, mke wa mdogo wake, aliingia na bidoni ya maji kichwani, akihema. Héritier akainuka amtue. Emilienne akarudi nyuma hadi ukutani, maji yakimmwagikia.

"Acha, shemeji! Nakuomba. Na mimi wataniita mulozi."

Héritier akashusha mikono, akaketi.

"Asante Mungu," mama akasema, akimsogezea sahani. "Ameanza kupona."

Alikuwa na njaa. Akala.