Barabara ya Warumi kwenye Sinia

Daulat hajapata kufika Uingereza, lakini wiki nzima ile, nyumbani kwao Thornhill, ng'ambo ya pili ya bahari, hakuwa na habari nyingine ila barabara za Warumi.

Aliyeanza ni mjukuu wake, Masoomah, wa miaka kumi na mmoja. Shuleni kila mtoto alitakiwa atengeneze kitu cha kale akieleze mbele ya wazazi, naye akachagua barabara ya kutoka Londinium kwenda mji wa Verulamium, huko Uingereza ya zamani. Shida ni kwamba mtoto mwenyewe akisimamishwa mbele za watu, ulimi humkauka. Mwaka uliopita alilia akarudi kukaa.

"Dadi, nikilia tena sirudi shule ile," alimwambia bibi yake.

"Hulii. Nieleze mimi kwanza mpaka nielewe. Mimi mgumu wa kuelewa."

Akaeleza, yeye kwa Kiingereza, bibi akiuliza kwa Kiswahili, wakakutana katikati. Kwamba askari walichimba, wakapanga mawe makubwa chini, juu yake madogo, juu kabisa kokoto za kushindiliwa. Kwamba waliiinua barabara mgongo, mvua ikinyesha maji yakimbilie mitaroni. Na kwamba hadi leo magari yanapita palepale walipopima wao.

"Miaka elfu mbili!" Daulat akashika kiuno. "Na ya mtaani kwetu kila baridi ikiisha inachimbwa upya! Wale watu walijua kazi, wallahi. Haya, nieleze tena, nimesahau ile ya mgongo."

Hakuwa amesahau.

Barabara wakaijenga kwenye sinia kubwa, na mitaro yake pembeni, wakaifunika foili. Sasa, siku hiyohiyo ya kueleza shuleni, Daulat alikuwa ameahidi niazi, chakula cha baraka, ya biriani kwa majlisi ya akina mama, kwenye kituo chao cha dini, barabara ya Bathurst. Nayo imo kwenye sinia, nayo imefunikwa foili. Masinia yakalala mlangoni kama mapacha. Asubuhi mwanawe Reza, mtu wa haraka, akabeba moja, akampeleka mtoto shule. Jirani yao Khairunissa akaja na gari lake kumchukua Daulat na sinia la pili.

Kituoni, Sughra, mpakuaji mkuu, akafunua foili, mwiko mkononi.

"Shoga yangu Daulat! Leo unatulisha kokoto?"

Wanawake wakaangua kicheko. Daulat hakucheka. Akilini alimwona Masoomah amesimama mbele za watu, anafunua wali.

"Khairunissa, washa gari!"

"Na biriani?"

"Biriani iko darasani!"

"Nendeni," Sughra akasema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Sisi tutakula mkate na mayai. Meno yetu tunayahitaji."

Bathurst imenyooka utadhani waliipima Warumi wenyewe, ila Warumi hawakuwa na taa nyekundu. Kila iliyowaka, Daulat aliisomea salawati. Walipofika shuleni, sinia wamelishikilia wawili, huku na huku, wakasikia sauti kabla ya kuufikia mlango. Sauti nyembamba, lakini kavu, haina kilio.

Masoomah alikuwa amesimama, kijiko mkononi, ameikata biriani katikati kama mtu anayechimba mtaro.

"Hivi viazi ndiyo mawe makubwa," alikuwa akisema kwa Kiingereza chake. "Nyama ndiyo mawe madogo. Wali juu ndiyo kokoto. Tazameni ulivyoinuka katikati."

Mtoto mmoja akapaza sauti, "Mwaga maji tuone!"

"Hapana. Hiki ni chakula cha baraka, hakichezewi. Lakini kwenye barabara ya kweli, maji yangekimbia pembeni."

"Ya kweli hii hapa!" Daulat akaita kutoka mlangoni, pumzi juu.

Darasa zima likageuka. Wakaiweka mezani kando ya biriani, na Masoomah akamimina gilasi ya maji juu ya mgongo wa kokoto. Maji yakagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, yakateremka mitaroni. Juu hapakubaki dimbwi. Wazazi wakapiga makofi, na Daulat hakujua awapigie Warumi au mtoto, akawapigia wote.

Mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali. Daulat akanyoosha mkono, na Khairunissa akamfasiria.

"Mimi ile ya mgongo bado haijaniingia."

Masoomah akamtazama, akacheka, akaweka kijiko chini, akaanza upya.