Mshahara wa Mdomoni

Jumanne ya tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi, simu ililia wakati Fundi ana misumari mdomoni. Mafundi makochi ndivyo walivyo: misumari midogo hukaa kati ya midomo, mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo. Akaitemea kiganjani, akapokea. Tangu siku hiyo mambo ya nyumba yake hayakunyooka tena.

Simu yenyewe ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje. Na kwenye benchi alikuwa amekaa mama mwenye duka la vipuri, mteja asiyekubali kuliacha kochi lake hata dakika moja. Tangu aingie alikuwa akisimulia jinsi kijana wake alivyoacha shule na sasa ana magari mawili. Kila akifika kwenye magari, aliitupia jicho cherehani ya pale kona.

Hapo ndipo alipozoea kukaa binti mkubwa wa Fundi. Alihitimu uhasibu chuo kikuu cha serikali miaka miwili nyuma, akatembeza vyeti mpaka soli zikaisha, akarudi kushona foronya za makochi ya baba yake. Mtaa mzima ulimwita Digrii. Digrii, nipunguzie suruali. Digrii, zipu imekufa. Asubuhi hiyo alikuwa ametumwa sponji.

Sauti ya binti mpole ikasema inapiga kutoka chuoni. Wanafuatilia maisha ya wahitimu wao, na namba iliyoachwa ni hii. Je, mhitimu ameajiriwa?

Fundi alimwangalia mama wa vipuri. Mama wa vipuri alikuwa ameacha kujipepea.

"Yuko benki," Fundi akasema.

Analipwa kiasi gani kwa mwezi?

"Laki tisa."

Kabla ya makato au baada?

"Baada," akasema, maana alikuwa ameshanogewa.

Mama wa vipuri hakutaja gari tena mpaka kochi likaisha. Fundi aligonga misumari siku ile kwa raha ambayo hakuwa nayo tangu amzike mkewe. Digrii aliporudi na sponji kichwani, hakuambiwa kitu.

Mwezi wa nane binti wa pili na wa mwisho, waliyemwita Kitinda, akachaguliwa chuo kilekile. Ada ya mwaka mmoja ilishinda makochi yote ambayo Fundi angeweza kuyavisha kwa miaka miwili, ila hakutishika, kwa kuwa dada mtu alisoma kwa mkopo wa serikali. Majibu ya mkopo yakaja: amekosa. Sababu: familia ina mhitimu mwenye kipato cha kutosha. Usajili unafungwa Ijumaa.

Jumatano wakaenda chuoni wote watatu. Getini kulitundikwa bango jipya, vijana wenye majoho wanacheka, na chini yao wastani wa mishahara ya wahitimu. Fundi alizijua tarakimu kuliko maneno. Alijua laki tisa zake zimo humo.

Karani wa mikopo, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alitaka barua ya mwajiri kwamba binti hayupo kazini tena. Fundi akawapeleka wanawe benki ya karibu, akitumaini kuuokoa uongo wake, bila kuwaeleza kwa nini. Meneja akasema hawezi kumwandikia barua mtu asiyemjua. Hapo ndipo Digrii aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba amewahi kufanya kazi benki. Njia nzima ya kurudi alitembea hatua kumi mbele ya baba yake.

Alhamisi wakarudi chuoni, Fundi akiwa na barua yake mwenyewe, yenye muhuri wa karakana: mwajiri ni yeye, na malipo ni chakula na nauli. Karani akaisoma, akavua miwani.

"Kumbe mzee una kampuni," akasema. "Tena umeajiri mhitimu. Nikiingiza hii, hata rufaa hupati."

"Kampuni gani, mama? Nina nyundo na cherehani ya marehemu."

"Si muhuri wako huu?"

Fundi akainamia tundu la dirisha. "Nilidanganya," akasema. "Ile simu nilipokea mimi. Kulikuwa na mtu amekaa, nikaona haya."

Karani hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Akatoa fomu ya kusahihisha taarifa. Majibu ni baada ya siku tisini.

Siku tisini, na mlango unafungwa kesho. Ndivyo walivyo wakubwa. Uongo wa dakika mbili waliupokea bila barua wala muhuri, kwa kuwa ulipendezesha bango lao. Ukweli ulioletwa kwa miguu unadaiwa fomu. Fundi aliyasema hayo kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mmoja akacheka. Mwingine akamwambia mzee tupishe, na sisi tukatukanwe.

Digrii akaichukua fomu, akachuchumaa ukutani, akaanza kujaza. Kwenye mstari wa kazi kalamu ikasimama.

Kitinda alibaki dirishani, vidole vimeshika ukingo. Hakulia. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Kesho ikipita, nafasi yangu mnampa nani?"