Mashine Tupu

Elisha aliiona rangi kabla ya kuiona mashine. Alikuwa juu ya kenchi ya paa, mguu huku mguu kule, na chini yake Shaaban alifungua begi akatoa drili ya kijani. Mpya kabisa, nailoni ingali imeng'ang'ania mpini.

Tangu waanze kuezeka pamoja, vifaa vyao vilikuwa vya bluu: drili, grenda, betri za kupokezana na chaja moja. Fundi yeyote wa Dodoma anajua kwamba betri ya bluu haiingii kwenye mashine ya kijani hata uipige nyundo. Kila kampuni imejitengenezea mdomo wake. Ukinunua rangi, umeoa. Na ukinunua rangi tofauti na ya mwenzako, umemwambia jambo bila kufungua kinywa.

"Umeipata wapi?" Elisha aliuliza kutoka juu.

"Mjini," Shaaban alisema, akapanda ngazi.

Basi, yakaishia hapo.

Banda walilokuwa wakiliezeka lilikuwa la mama Paulina, mwenye shamba la zabibu kule Makutupora, na umeme ulikuwa haujafika shambani. Kazi yote ilitegemea betri. Za Elisha zilikuwa zimechoka, na jua lilipopinduka ile ya mwisho ilikoroma ikazima. Siku nyingine angenyoosha mkono tu, Shaaban akampa ya kwake. Leo aliunyoosha kwa mazoea, halafu akaurudisha. Akabaki kumpa Shaaban skrubu moja moja, huku ile ya kijani ikilia bila dalili ya kuchoka.

Mama Paulina alipita na ndoo, akatazama juu, akacheka. "Haya, leo msaidizi ndiye anaezeka, fundi anampa skrubu?"

Ulikuwa utani. Lakini neno msaidizi lilikuwa la Elisha mwenyewe. Ndivyo alivyomtambulisha Shaaban siku ya kupatana kazi, na Shaaban akiwa amesimama papo hapo. Sasa Shaaban hakucheka. Aliibonyeza drili mpaka skrubu ikazama kupita kiasi na bati likabonyea.

Jioni, nyumbani Nkuhungu, Elisha aliuacha ugali sahanini. Alikaa, akasimama, akaenda kutazama kuku ambao walishafungiwa, akarudi. Mkewe, Penina, alipochoka kumwona akizunguka alimuuliza kulikoni. Akamwambia Shaaban anaondoka. Shemeji yake, Hashimu, ana kundi la mafundi huko Kondoa, na wote wanatumia kijani. Hapo hahitajiki mganga wa kupiga ramli.

Penina aliuliza chaja inakaa wapi. Elisha akasema inakaa hapo kabatini, siku zote, kwani hajui?

"Na Shaaban asubuhi anasimama wapi?"

Shaaban alikuwa akisimama nje ya uzio wao, kwenye upepo, akingoja apewe betri ndipo siku yake ianze. Penina alikuwa amemkaribisha chai mara nyingi, naye husema asante shemeji, namsubiri bosi. Wote walidhani anatania.

"Hajawahi kulalamika," Elisha alisema.

"Wewe ungelalamika?"

"Mimi ningekuwa nimeshaondoka."

"Basi," Penina alisema, akachukua sahani.

Kesho yake upepo ulikuwa wa kung'oa watu, mabati hayashikiki, kazi ikasimama. Elisha alikwenda Majengo, kwenye duka la Naima, anakonunua skrubu. Alikuta mafundi wawili mlangoni wanabishana kuhusu mashine kama wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Mmoja aliapa kwa ya njano, kwamba ilianguka kutoka ghorofani ikaendelea kufanya kazi. Mwingine akamwambia bora angeanguka yeye, mashine ikabaki salama.

Naima alimwamkia, shikamoo fundi, akamwekea mashine mezani. Hizi za pembeni, alisema, zilikuwa za kazi za nyumbani, za mtu anayetundika pazia mara moja kwa mwaka, fundi asiziguse. Bluu ilikuwa na nguvu, lakini betri zake ghali. Kijani ilikuwa nyepesi, na betri zake zilikaa na chaji.

Elisha aliinua ya bluu, akaiweka. Akainua ya kijani. Akatoka nje, akatembea mpaka kona, akarudi.

"Fundi, leo una nini?" Naima alisema. "Wewe ni mtu wa bluu. Chukua betri mpya, chaja unayo. Ukihama rangi, vyote vya nyumbani vinakuwa mapambo."

Alisema kweli. Mtu mwenye akili angenunua betri za bluu akaenda zake, na Shaaban akabaki na kijani chake, kila mmoja na njia yake. Elisha alitoka tena. Mafundi wa mlangoni waliacha ubishi wakamtazama. Alirudi akaomba ya kijani, mashine tupu, bila betri wala chaja.

"Utaichaji na nini?"

"Nifungie tu, binti yangu."

Alfajiri iliyofuata upepo ulikuwa umetulia. Elisha alifika Chang'ombe, kwa Shaaban, akasimama nje ya geti. Mwamvua, mke wa Shaaban, alimkaribisha ndani. Akashukuru, akasema atasubiri hapo hapo.

Shaaban alitoka na kikombe mkononi. Aliitazama ile mashine, akaipokea, akaigeuza chini juu.

"Betri yake iko wapi?"

"Kwako."

Shaaban aliuchungulia ule mdomo mtupu kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba Hashimu amepata kazi ya kuezeka shule na anamsubiri.

"Umeshamkubalia?"

"Nimemwambia nitampa jibu tukimaliza hili banda." Alikunywa chai kidogo. "Na mama Paulina? Leo utamwambia mimi ni nani?"

"Fundi," Elisha alisema. "Nitamwambia tuko mafundi wawili."

"Utamwambia wewe?"

"Mimi. Mbele yako."

Shaaban alimrudishia mashine. "Betri moja imejaa, hiyo ni yangu. Yako iko kwenye chaja, bado kidogo. Subiri."

"Na Kondoa?"

"Nimesema subiri, kaka."

Akaingia ndani kumalizia chai. Elisha alibaki nje na mashine tupu mkononi. Majirani walipita wakielekea kazini, wakamsalimu, wakamtazama mara mbili. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, akarudi. Aliinua mkono agonge geti, aseme jua linapanda, Makutupora ni mbali. Akaushusha mkono. Akaenda tena mpaka kwenye nguzo, akarudi, akasubiri.