Mtu wa Pili Chumbani

Naftali Gitonga alikuwa fundi wa kusafisha vipimo vya maji, kazi ambayo watu wa kanisani kwake mjini Brooklyn Center hawakuielewa hata akiwaeleza. Wengi wao walikuwa wauguzi na walezi wa wazee. Aliposema anafanya kazi ya maabara walidhani anapima damu, na siku hizi alikuwa ameacha kuwasahihisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na vijana waliozunguka maziwani kupima kama maji yameelekea kwenye asidi au kwenye magadi. Walibeba mita ndogo za mkononi, kila moja ikiwa na kijiti kirefu chenye tone la kioo mwishoni, jembamba kama ganda la yai. Mita zikirudi na tope, ukungu wa kijani na gaga la chokaa, zililetwa kwenye chumba kimoja katika mji wa jirani wa Roseville, nyuma ya safu ya kliniki za meno. Humo Naftali alizizima, akazitoa betri, akafuta mwili wa mita kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha akageukia kile kijiti. Tone la kioo halisuguliwi. Linamwagiwa maji safi, halafu linaguswa kwa karatasi laini mpaka likauke, taratibu, kama unayemfuta mtoto machozi.

Tope na ukungu viliondoka kwa maji na sabuni. Gaga la chokaa lilitaka asidi, na asidi ilikuwa na sheria yake: hakuna mtu anayeishika peke yake.

Kwa miaka mingi sheria hiyo haikumsumbua. Upande wa pili wa meza aliketi Mugisho, mtu wa Bukavu, mcheshi, aliyemtania Naftali kwamba Kiswahili cha Kenya ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Naftali naye alimjibu kwamba hicho cha Bukavu kimechanganywa na Kifaransa mpaka chenyewe hakijui kwao ni wapi. Lakini asidi ilipotolewa kabatini utani ulikoma. Mmoja alishika kazi, mwingine aliuliza.

"Miwani umevaa?"

"Nimevaa."

"Feni?"

"Inavuma."

"Kikombe umesuuza?"

"Nimesuuza."

"Basi endelea, mzee."

Mwaka mpya ulipoingia, Mugisho alihamia Iowa kumfuata binti yake aliyejifungua mapacha. Kampuni haikuleta mtu mwingine. Naftali akaendelea na tope na ukungu, na mita zenye gaga akazipanga kwenye rafu ya chini. Rafu ikajaa. Siku nyingine alikuwa akifika asubuhi, akifanya kazi, akila chapati zake za kununua, akifunga mlango na kwenda nyumbani bila kutamka neno lolote zaidi ya "asante" kwa mleta vifurushi.

Nyumbani nako kulikuwa vilevile. Mkewe, Lois, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Mwanawe Brandon alikuwa Chicago.

Mwezi wa nne barafu ilipasuka ziwani na vijana wakaanza kudai mita zao. Ijumaa moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa Lynette, msimamizi mpya, Mkenya wa Nakuru aliyehamishwa kutoka Texas na kupewa ofisi Saint Paul. Walikuwa wameonana mara moja tu.

"Mzee Naftali, shikamoo. Nasikia kuna mita zimekwama hapo kwako."

"Marahaba. Zinataka asidi, na mimi niko peke yangu."

"Nimeliuliza hilo. Wanasema si lazima mtu awe hapo chumbani. Akiwa kwenye simu inatosha, bora ajue uko wapi na aweze kuita msaada. Mtu yeyote tu. Mkeo, kwa mfano."

Naftali alitazama ukuta. Angeweza kumwambia. Lakini huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo katikati ya mazungumzo ya mita, akaanza kukupa pole na wewe ukaanza kumliwaza yeye.

"Sawa," alisema. "Nitatafuta mtu."

Alimpigia Brandon. Simu ikakatwa, na ujumbe ukaingia kwa Kiingereza: yuko mkutanoni, je, kuna shida? Naftali akajibu kwamba hakuna shida.

Akaanza kupitia majina kwenye simu. Yalikuwa mengi. Wanjohi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya Lois, alikuwa akilala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku. Wairimu, rafiki wa Lois wa kwaya, angepokea, lakini angeuliza kwa nini hajaonekana kanisani tangu Krismasi. Mchungaji angemwombea. Wote walikuwa watu wema. Siku za msiba walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa ngazini. Angepatwa na msiba mwingine wangekuja tena. Lakini utampigiaje mtu simu umwambie, keti nami saa nzima, huna la kufanya, ninachotaka ni uniulize kama nimevaa miwani?

Alitia simu mfukoni bila kumpigia yeyote, akavaa miwani ya kinga, glavu na aproni. Akawasha feni ya kufyonza hewa. Akamimina asidi iliyopunguzwa makali kwenye chupa ndogo, akachukua mita ya kwanza kutoka rafuni.

Kijiti chake kilikuwa kimefunikwa kwa kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe mlikuwa na maji. Naftali alijua kwamba kioo kile hakiachwi kikauke. Huhifadhiwa ndani ya maji ya chumvi yake maalumu. Akadhani ndiyo hayo. Siku nyingine yoyote angeyamwaga na kusuuza kikombe, mara mbili au tatu, kabla ya kutia kitu kingine. Siku hiyo kichwani mwake lilikuwa linazunguka neno moja, mkeo, mkeo, na hapakuwa na sauti ng'ambo ya meza. Akamimina asidi humo humo.

Kijana mmoja huko ziwani alikuwa ametia kikombeni dawa ya klorini ya kufulia nguo, aue ukungu, akaiacha humo.

Harufu ilimfikia kabla hajaweka chupa chini. Ilimpiga puani na kooni kama pilipili iliyoungua. Alijua papo hapo ni nini: klorini ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu. Aliacha kila kitu mezani, akabana pumzi, akasukuma mlango wa nyuma na kutoka mpaka kwenye maegesho ya magari, na huko akaketi kwenye ukingo wa saruji akikohoa.

Baridi ilikuwa ya kuuma na koti lilibaki ndani. Macho yalimtiririka. Alivuta hewa, ikaingia nusu, akavuta tena. Magari yalipita barabarani kuelekea madukani, na hakuna lililopunguza mwendo. Ndipo wazo likamjia, wazi kabisa: ningeanguka mle ndani, ni nani angejua? Si leo. Si kesho, Jumamosi. Jumatatu, labda, mleta vifurushi angegonga, asijibiwe, aache mzigo mlangoni na kwenda zake.

"Papa, iko nini? Unakohoa mubaya."

Mwanamke mwenye Kiswahili kama cha Mugisho alikuwa amesimama karibu naye na mfuko wa takataka mkononi. Alivaa sare ya wasafishaji wa kliniki za meno. Alimwekea koti lake mabegani kabla hajajibiwa, akaingia kliniki, akarudi na maji.

"Ni dawa," Naftali alisema. "Nimevuta hewa mbaya. Usiingie mle."

"Siingie. Kunywa kidogo kidogo."

Alimshikia simu wakati Naftali akiongea na watu wa simu ya dharura ya sumu. Muuguzi wa upande wa pili alimwuliza maswali, akamwambia abaki kwenye hewa safi, asiingie chumbani mpaka harufu iishe kabisa, na kifua kikizidi kubana aende hospitali bila kungoja. Asikae peke yake siku hiyo, alisema pia, na asiendeshe gari.

"Mimi naitwa Rachelle," mwanamke alisema baada ya simu kukatwa. "Sasa niite nani aje kukuchukua?"

Naftali alifungua mdomo. Rachelle alingoja, kidole kikiwa tayari juu ya simu.

"Bibi yako?"

"Alikufa."

"Pole, papa. Watoto?"

"Mmoja. Yuko mbali."

"Basi nani?"

Naftali alikuwa mtu wa umri wa miaka hamsini na tisa, aliyesomesha mtoto, aliyejenga nyumba Meru, aliyechangia arusi na matanga ya watu asioweza kuwahesabu, na swali hilo dogo lilimshinda. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa bila nguo.

"Hakuna," alisema mwishowe.

Rachelle aliketi kando yake kwenye saruji ile baridi, mikono yake wazi, koti lake likiwa mabegani mwa mtu mwingine. Baadaye gari lilikuja kumchukua kwenda kazi yake ya pili. Alimwambia dereva angoje. Dereva akangoja, kisha akapiga honi, na Naftali akamrudishia koti.

"Nenda, mama. Nimepata nafuu. Nitaita mtu wa kazini."

"Uite sasa nikuone."

Kwa hiyo alimpigia Lynette akiangaliwa. Kikohozi kilimkatiza mara mbili. Alieleza kilichotokea, na alipofika mwisho akashindwa kukata simu.

"Kuna lingine," alisema. "Uliponiambia nimpigie mke wangu. Lois alifariki. Na mtu mwingine wa kumpigia sina. Nilitafuta."

Upande wa pili kiti kilisogezwa na funguo zikalia.

"Sikujua, mzee," Lynette alisema. "Usiondoke hapo. Nakuja."

Alifika akiwa na viatu vya ofisini na blanketi la gari lake. Alimpeleka hospitali, wakamsikiliza kifua, wakamwachia jioni. Njiani kuelekea Brooklyn Center hawakuzungumza sana. Brandon alipopiga simu, Naftali alimweleza yote kwa Kiswahili, polepole, bila kuficha, na Brandon akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini alimwambia hakuna shida. Brandon alisema atakuja wikendi ijayo. Hakuweza, alikuja iliyofuata.

Jumanne Lynette alifika Roseville na kompyuta yake. Chumba kilikuwa kimepitishwa hewa. Alisema kwamba mpaka mtu wa pili aajiriwe, Jumanne zingekuwa siku za asidi na yeye angekuwapo. Hakujua kazi hiyo. Aliomba aambiwe kila hatua, na Naftali akamwambia. Vikombe vyote vilimwagwa, vikasuuzwa, vikasuuzwa tena. Kijiti cha kwanza kikazamishwa kwenye asidi, gaga likaanza kutoa mapovu madogo, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Lynette hakuwa mcheshi. Alichapa kidogo kwenye kompyuta, akaacha.

"Mama Brandon alikuwa mtu wa wapi?" aliuliza.

"Wa Nkubu," Naftali alisema. "Lakini tulikutana Nairobi, kwenye foleni ya pasipoti."

Alikuwa hajalisema hilo kwa mtu tangu mazishi. Alieleza jinsi foleni ile ilivyokuwa ndefu, akaeleza mpaka kijiti kikawa tayari kutolewa, akakisuuza, akakigusa kwa karatasi laini. Jioni Lynette alirudi Saint Paul. Naftali alizima taa, akafunga mlango wa nyuma, akakaa ndani ya gari lake kwa muda kabla ya kuliwasha, kwa sababu nyumbani hapakuwa na haraka.