Mchome, Mara ya Pili

Helikopta ilikuwa inaiacha meli yetu ya uvuvi, inageuka kurudi Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vya Faroe, waya wake wa kuokolea ukining'inia mtupu. Upepo uliikatalia kumchukua Hanus, msimamizi wetu wa sitaha. Alikuwa amelala kwenye meza yangu ya jikoni, mimi mpishi, kifua kimembana, uso kijivu kama chewa wa juzi.

Ukabaki mtandao wa setilaiti. Daktari wa nchi kavu alitaka kuona mchoro wa mapigo ya moyo kabla ya kuruhusu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Lakini meli ikilala ubavu, mtandao unakatika. Picha inafika nusu, inaanza upya. Rannvá, nahodha msaidizi, akaikata vipande, kila kipande na namba yake. Daktari akajibu: "Sina cha nne na cha tisa." Tukarudia hivyo viwili tu, vikafika.

Yakaja maandishi: "Mchome." Rannvá akamchoma sindano ya dawa hiyo, akajibu kwamba tayari.

Halafu skrini ikawaka tena: "Mchome."

Rannvá akafungua kichupa cha pili. Sikumshangaa. Kwenye nyavu zetu ukiambiwa "legeza" mara mbili, unalegeza mara mbili.

"Ngoja, dada," nikasema. "Huenda jibu letu limepotea njiani, anarudia ileile."

"Na kama ni nyingine? Mzee, kapike!"

"Dawa ikimzidi atavuja damu kichwani. Muulize!"

"Nimeuliza! Ujumbe hauendi!"

Hanus akafungua jicho. "Mkimaliza kugombana, mniambie kama nimeshakufa."

Vipande tulivipa namba. Amri haikuwa nayo.

Rannvá akaandika upya: "Ya kwanza tumechoma. Unataka ya pili?" Kila meli ilipopanda wimbi, akabonyeza kutuma. Midomo ya Hanus ikawa ya bluu.

"Namchoma," akasema, machozi yanamtoka. "Anakufa huku tunamtazama."

Sindano ikagusa ngozi. Nikamshika Rannvá mkono, akanipiga kiwiko cha mbavu, sikuachia.

Skrini ikawaka. "Moja tu. Usirudie."

Hanus alifika bandarini hai. Sasa anaishi mji wa Vágur, hapandi ngazi bila kupumzika. Rannvá ni nahodha wa meli nyingine, na amri zake zote huzitaja kwa namba, hata za nyavu. Daktari hatukuwahi kumwona. Mimi niliteremka bandari ya Klaksvík, mbavu zikiniuma, nikatafuta meli nyingine; sikutaka kupika tena kwenye meza ile.